Nusu Toni

Katika parokia nyingi yupo mtu anayepewa kazi kwa sababu moja tu: hakuna mwingine. Sisi tunaoandika haya ni katekista hapa Likasi, na katika parokia yetu ndisi wenye klarineti. Tulijifunza kuipiga tungali vijana wa seminari, tukaendelea hivyo hivyo, Jumapili kwa Jumapili, na watu wema watuvumilia.

Basi, majuma sita kabla ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo tulikuwa tukipanga kabati la sakristia. Chini ya vitabu vya zamani tukaona karatasi za muziki, zimeandikwa kwa mkono, pembe zake zimeliwa na mende. Kumbe ni Ave verum ya Mozart, imepangwa kwa sauti nne, kinanda na klarineti! Tukafurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani.

Jioni ile tukawaita waimbaji. Mpiga kinanda akaanza, sisi tukafuata, na lo! makelele gani yale? Kila noti yetu ilikuwa juu kidogo ya noti ya wenzetu, nao wakatutazama. Hapo ndipo tulipochungulia juu ya karatasi, tukasoma maneno madogo ya Kifaransa ambayo tuliyapita kwa haraka: kwa klarineti ya la. Klarineti yetu ni ya si bemoli.

Labda msomaji atauliza: je, klarineti si klarineti tu? Sivyo. Mpigaji aonapo do katika karatasi, huweka vidole vya do. Lakini klarineti ya si bemoli hutoa si bemoli ya kinanda, na klarineti ya la hutoa la ya kinanda. Vidole ni vile vile, sauti si ile ile. Ile ya la ni ndefu zaidi kidogo, na kwa hiyo i chini kwa nusu toni. Na sababu ya kuwa na namna mbili ni hii: katika siku za Mozart klarineti zilikuwa na funguo chache tu, na kupiga wimbo wenye alama nyingi kulikuwa mateso. Basi mpigaji alichukua ya si bemoli kwa nyimbo zenye bemoli, na ya la kwa nyimbo zenye diezi. Mpaka leo wapigaji wa orkestra huja na zote mbili, wakihamisha mdomo mmoja toka hii hata ile. Sisi tunayo moja, na bei ya ya pili ni fedha ambazo katekista hazioni hata akiota.

Tukajaribu hila. Kwanza tulivuta kiungo cha juu ili kuirefusha klarineti. Ikashuka kweli, lakini kila noti ilishuka kwa kadiri yake: hizi sana, zile kidogo, hata klarineti ikawa haipatani na nafsi yake. Hila ya pili ilikuwa rahisi mno. Kinanda chetu ni cha umeme, nacho kina kitufe cha kupandisha sauti zote. Mpiga kinanda akabonyeza mara moja, wimbo ukapanda nusu toni, nasi tukasoma karatasi ile ile kama ilivyoandikwa. Tukapatana! Tukaona tumeshinda.

Lakini sauti ya mtu haina kitufe. Mazoezi ya juma lile yalikuwa mazito. Mama zetu wa sauti ya kwanza, ambao tangu asubuhi wako sokoni, walipofika mahali pa juu walikaza shingo. Mama mmoja auzaye unga alikwaruza sauti mara tatu. Mwishoni akatujia, akasema kwa upole: «Katekista, utusamehe. Sisi hatukusoma.»

Nasi tulifanya nini? Tulipokea samahani yake, tukanyamaza. Twaandika jambo hili kwa haya. Tulijua vema kwamba kosa si lake. Wimbo ulikuwa mahali pake. Ni sisi tulioupandisha, ili vidole vyetu visisumbuke.

Katika kwaya yetu yumo mzee mmoja wa sauti ya nne, mstaafu wa Gécamines. Ujanani alipiga klarineti katika fanfari, mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville. Siku hizi meno yamekwisha, hapigi tena, lakini masikio yake hayakustaafu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani pamoja akauliza: «Mwanangu, ule wimbo uko katika re. Mbona leo tumeuimba katika mi bemoli?» Tukamweleza. Akacheka kidogo, kisha akasema: «Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe uliyesoma ndiwe uiname nusu toni. Kwa nini mzigo wako uwatwike mama?»

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Tukawasha mshumaa, tukachukua karatasi safi, tukaanza kunakili upya, kila noti nusu toni chini. Yaliyokuwa katika fa, yenye bemoli moja, yakawa katika mi, yenye diezi nne: fa, do, sol na re. Kwa macho ni kazi ya usiku mmoja. Kwa vidole ni kazi ya majuma. Vidole vidogo vya mikono miwili vilipaswa kukimbizana juu ya funguo ambazo tangu seminari tulizikwepa.

Tena mahali pawili palitushinda kabisa. Noti ya chini kupita zote ya klarineti ya la ni do diezi ya kinanda, na klarineti yetu yakoma kwenye re. Noti hiyo haimo ndani ya mti wetu, hata tukipuliza mpaka kesho. Tukaipandisha oktava nzima, tukiona tumemharibia Mozart wimbo wake.

Lakini mambo ya Mozart mwenyewe yalitufariji. Ave verum aliitunga mwezi wa Juni 1791 kule Baden, karibu na Vienna, kwa ajili ya sikukuu hii hii. Nayo ina vipimo 46 tu. Mwaka ule ule alimtungia rafiki yake Anton Stadler konserto ya klarineti. Stadler alikuwa na klarineti ya la ya namna ya peke yake, ndefu, yenye noti za chini ambazo nyingine hazina. Mozart akafa tarehe 5 Desemba 1791, na maandishi yake ya konserto yakapotea. Wachapaji walipoitoa karibu na mwaka 1801, noti zile za chini walikuwa wamezipandisha ili klarineti za kawaida ziziweze. Mwaka 1802 mwandishi mmoja wa gazeti la muziki la Leipzig alinung'unika juu ya jambo hilo, na haki alikuwa nayo. Hata hivyo, kwa njia hiyo ulimwengu uliipata konserto, na watu waliipenda.

Katika mazoezi yaliyofuata tulimwomba mpiga kinanda arudishe kitufe mahali pake. Kisha, mbele ya wote, tukamwambia yule mama: «Mama, siku ile kosa lilikuwa letu. Tulikupandisha kwa uvivu wetu, na samahani yako hatukustahili kuipokea.» Akatutazama, akatabasamu: «Basi, Katekista, teremka. Sisi tutakungoja huku.» Wote wakacheka, nasi tukacheka.

Siku ya sikukuu tulikosa noti mbili, na hizo mzee alizisikia. Lakini mama waliimba bila kukaza shingo.

Ndugu wapigaji wa parokia nyingine, mkipata karatasi ya klarineti ya la, na mkononi mnayo ya si bemoli, nakilini nusu toni chini. Ikiwa ni ya klarineti ya do, pandeni toni moja nzima. Na kitufe cha kinanda, kabla hamjakibonyeza, waulizeni kwanza mama wa sauti ya kwanza.