Nyumba njema si mlango: Viongozi wetu walilelewa wapi?

Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Hapa kwetu Kenya methali hiyo imekuwa kama kifungu cha katiba. Kijana akitangaza kwamba anawania kiti, hata kama ni kile cha wadi, swali la kwanza halihusu kazi aliyofanya wala maoni aliyo nayo. Ataulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Jibu atakalotoa ndilo litakaloamua iwapo wazee watampa sikio au watamwambia arudi nyumbani angoje zamu yake.

Nimelisikia swali hilo tangu utotoni na kwa muda mrefu nimejiuliza lina uzito gani hasa. Ukiwachunguza kwa makini watu ambao wameiongoza nchi hii tangu Uhuru wa 1963, utagundua kwamba wengi wao hawakuikwea ngazi ya ukoo. Jomo Kenyatta alifiwa na wazazi wake angali mdogo, akaishi na babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga. Mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha 1938 jinsi alivyokuwa akimbebea babu mkoba wa uganga na kujifunza kazi hiyo kwa kutazama. Daniel arap Moi, aliyezaliwa 1924 kule Baringo, aliondokewa na babake akiwa na umri wa miaka minne hivi, na mlezi wake akawa kaka mkubwa. Mwai Kibaki alikuwa kitindamimba katika boma la wakulima kule Othaya, na aliyeshikilia kwamba mtoto huyo apelekwe shule badala ya kuachwa malishoni alikuwa shemeji yake. William Ruto naye amesimulia mara nyingi jinsi alivyouza kuku kando ya barabara na kwenda shule bila viatu.

Kati ya marais hao watano, mwana wa rais ni mmoja tu, Uhuru Kenyatta. Hata yeye jina lilimfungulia mlango lakini halikumbeba mgongoni. Mnamo 1997 alishindwa katika kinyang'anyiro cha ubunge cha Gatundu Kusini, nyumbani kwa babake mzazi. Mnamo 2002 alishindwa tena, mara hii na Kibaki katika uchaguzi wa urais. Aidha, katika uchaguzi wa 2022 Gideon Moi, mwana wa rais wa pili, alipoteza kiti cha useneta cha Baringo alikozaliwa babake.

Isitoshe, siku hizi kukosa jina nako kumegeuka jina. Kampeni za 2022 ziliendeshwa kana kwamba ni vita kati ya mahasla na watoto wa vigogo. Umaskini wa utotoni ulitajwa jukwaani kwa fahari ile ile ambayo wengine huitumia kutaja ukoo. Ni mchezo mmoja uliobadilishiwa jezi: mpiga kura bado anaombwa aangalie mtu alikotoka, asiangalie anakompeleka.

Je, hii ina maana kwamba nyumba aliyotoka kiongozi si kitu? La hasha. Nyumba ni kitu kikubwa, ila sisi tunaitazama kwa nje. Nyumba njema si mlango. Ndani yake mtoto hufunzwa jambo moja kabla hajajua kusoma wala kuandika, nalo ni upana wa neno "sisi". Husikia ni akina nani wanaohesabiwa kuwa watu wa kwao, na ni akina nani wanaoitwa "wale".

Mfikirie Tom Mboya. Wazazi wake walikuwa watu wa Kisiwa cha Rusinga, lakini yeye alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alifanya kazi katika shamba la mkonge la mzungu. Mishahara ya mkonge ilikuwa duni, na Mzee Ndiege hakuwa na shamba wala jina la kumrithisha mwanawe. Hata hivyo, bila kukusudia, alimwachia urithi mwingine. Watoto wa vibarua wa mashamba yale walitoka katika makabila mbalimbali, na Mboya alikua akisema Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili pamoja na lugha ya wazazi wake. Alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria 1957, aliingia kwa kura za Nairobi, na 1963 akachaguliwa mbunge jijini humo humo, mbali na ziwa la babu zake. Sidhani alihitaji mshauri wa kumfundisha namna ya kuzungumza na umati uliochanganyika, maana ndio aliocheza nao utotoni. Risasi iliyomuua katikati ya jiji Julai 5, 1969 ilituondolea mtu ambaye "sisi" yake ilikuwa pana mno.

Kwa jirani zetu Tanzania, Julius Nyerere alizaliwa 1922 kule Butiama katika boma la Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Huyo alikuwa mtoto wa mkubwa, lakini mkubwa wa kabila dogo. Mamake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Mtoto anayekulia katika boma kama hilo hujua mapema kwamba ndugu zake si wa tumbo moja tu. Tena, asingeweza kutawala nchi nzima kwa kuwategemea Wazanaki peke yao. Alipotafuta jina la siasa yake hakwenda mbali: aliiita Ujamaa, neno ambalo mzizi wake ni jamaa. Lakini tusisahau kwamba boma huwa na baba anayetoa amri. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vya Ujamaa, wengi wao kwa nguvu. Nyumba ilimpa Mwalimu upendo wa ndugu, na huenda ilimpa pia ile imani ya baba kwamba yeye ndiye ajuaye linalowafaa watoto.

Kuna urithi mwingine ambao haugawanywi na wakili, nao ni ugomvi. Mnamo 1958 Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kumtetea Kenyatta aliyekuwa gerezani, wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitaja jina lake. Kufikia 1966 wawili hao walikuwa wametengana. Oktoba 1969 ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi na maiti, na Jaramogi akatiwa kizuizini. Wakati huo Uhuru alikuwa na umri wa miaka minane hivi, na Raila alikuwa mwanafunzi kule Ujerumani Mashariki. Miaka 44 baadaye, mnamo 2013, wana hao wawili walikuwa wakigombea kiti kimoja, na ugomvi wa baba zao ulikuwa ndani ya kila sanduku la kura. Iliwachukua hadi Machi 9, 2018 kupeana mikono. Raila alifariki Oktoba 2025, lakini katika nyumba nyingi ugomvi huo ungali hai, na wanaoutunza hawakuwahi kukutana na Kenyatta wala Jaramogi.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi tusio na majina makubwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka nilikuwa katika shule ya upili, na ploti yetu ya Eastlands ilikuwa na nyumba kumi na mbili zilizotumia mfereji mmoja. Wenyeji wake walitoka pembe zote za nchi. Jioni moja mjomba wangu alianza kusema habari za "hao watu". Mama alimkatiza akamwambia kwamba hao watu ndio waliomkimbiza hospitalini usiku niliozaliwa, na kama ana la kusema juu yao akaliseme mbele yao. Mjomba alinyamaza, akaendelea kula. Nje, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika majuma machache. Tumezoea kusema wanasiasa ndio waliochochea, na ni kweli, lakini wao walikuta shamba limekwisha kulimwa. Lilikuwa limelimwa mezani, wakati wa kula, watoto wakisikiliza.

Mzazi mwenzangu, huenda mwanao hatawahi kuwa rais. Lakini atakuwa mpiga kura, mwalimu, askari au karani anayeamua faili ya nani iende juu na ya nani ilale. Watoto wa mijini wanalelewa kama Mboya alivyolelewa, wakicheza na kila kabila uwanjani, kisha wanarudi ndani na kusikia tunayoyasema tukidhani hawaelewi. Samaki mkunje angali mbichi. Nawe mwanafunzi utakayepiga kura yako ya kwanza, akija mtu kukuomba kura usiishie kumuuliza ni mtoto wa nani. Chunguza kwao majirani waliitwaje.