Subira ya Kuonja


Wiki hii tulionja divai ya Sevenhill, kutoka bonde la Clare, Australia Kusini. Wajesuiti waliotoka Austria walilianzisha shamba hilo la mizabibu mwaka 1851 ili wapate divai ya Misa, nalo huitengeneza hata leo.

Yetu ilikuwa Riesling ya mezani, nyeupe, isiyo na utamu, yenye uchachu wa ndimu. Tuliinusa, tukanyamaza, ndipo tukameza.

Hapo dhamiri ikatusuta: kila asubuhi twaipokea Damu ya Kristo kwa haraka, jicho likiwa kwenye saa. Divai ya mezani tumeipa subira tunayoinyima Kalisi. Bwana atusamehe.

Jumapili hii, mapadre na waamini, tuikaribie altare polepole.

Mungu awabariki.