Mgeni wa Mombo, Mgeni wa Kuala Lumpur



Ikiwa umewahi kusafiri njia kuu ya kutoka Segera kwenda Moshi, basi Mombo umeipita, hata kama jina lake limekutoka. Ni pale ambapo milima ya Usambara imesimama mkono wako wa kulia kama ukuta, na barabara ndogo inachepuka na kuupanda ukuta huo kwenda Soni na Lushoto, mwendo wa kilomita kama 33. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na tangu siku hizo mji wetu umekuwa mji wa watu wanaoteremka chombo hiki na kungoja kile. Hula, huswali, hununua matunda ya milimani, wakaenda zao. Sisi tuliozaliwa hapo tumelelewa kwa fedha za wapitaji. Mama yangu aliuza chai na maandazi kando ya barabara, na ada yangu ya shule ilitoka katika birika lile.

Miongoni mwa wapitaji hao wamo wageni wa shanta. Bila shaka umewaona: vijana wa Ulaya, shanta kubwa mgongoni, viatu vimejaa vumbi, kitabu cha njia mkononi. Huja kutembea kwa miguu katika milima ya Lushoto na kutazama bonde letu kutoka juu ya majabali ya Irente. Sisi vijana wa stendi tuliamini kwamba kila mzungu ni tajiri, na kwamba lile shanta ni mchezo tu wa matajiri waliochoka na masanduku. Haikutupitia akilini kwamba huenda mmoja wao ameweka akiba mwaka mzima kwa kuosha vyombo mkahawani, na kwamba kila jioni huketi kitandani akihesabu zimebaki ngapi.

Mimi nililijua hilo mwaka 2014, na shanta likiwa mgongoni mwangu mwenyewe, katika Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia.

Ndugu yangu mdogo alikuwa akimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, kilichoanzishwa nchini humo mwaka 1983, na ambacho kipo Gombak, nje kidogo ya mji. Miaka minne hatukuonana. Nikaweka akiba, jamaa wakaniongezea, nikakata tikiti. Lakini nilipokuwa tayari kuondoka akaniarifu kwamba siku zangu zimeangukia katika mitihani yake, na mabwenini kwao wageni hawalali. Aliniahidi siku mbili za mwisho. Nyingine zote zikawa zangu peke yangu, katika mji nisiomjua mtu.

Nataka uijue hesabu yangu, kwani habari yote imo humo. Nilikuwa na dola 120, nilizozibadili nikapata ringiti 380 na kidogo. Wakati ule ringiti moja ilikuwa karibu shilingi 500 zetu. Usiku wangu ulikuwa ni nane. Kitanda katika chumba cha watu kumi, mtaa wa Petaling, kilikuwa ringiti 25, jumla 200. Basi la kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ringiti 10, na kurudi 10. Treni ya kasi ilikuwa 35, nikaiaga kwa macho. Zikabaki 160, yaani ringiti 20 kwa kila siku, kwa chakula, maji na nauli. Hesabu hiyo niliiandika katika daftari nikiwa bado Korogwe, nikaridhika nayo kabisa.

Haikudumu hata usiku mmoja. Niliteremka katika basi baada ya Isha, kumekucha kwa taa, watu wanapishana kama siafu. Bwana mmoja akanijia kwa heshima, akaniuliza niendako, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema kwa Kiingereza kwamba usiku ule mabasi yamekwisha. Akanipakia katika teksi yake, tukazunguka barabara za juu na za chini, akanitoza ringiti 50. Asubuhi yake nikarudi pale kwa miguu kutaka kujua. Dakika ishirini! Na mabasi, niliambiwa, hukimbia mpaka karibu na usiku wa manane.

Nilikaa kwenye ngazi, msomaji wangu, nikamlaani yule bwana kwa Kiswahili na kwa Kisambaa. Kisha laana ikanikwama kooni. Maneno yale niliyajua. Yalikuwa maneno yangu.

Mwaka 2001, nikiwa kijana wa stendi Mombo, jioni moja aliteremka msichana wa kizungu peke yake, shanta mgongoni. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha kusoma kitabuni, kama kuna gari la Lushoto. Basi dogo la mwisho lilikuwa nyuma ya maduka, linajaza abiria. Nauli yake haikufika shilingi 2,000. Nami nikamwambia, kwa upole na huruma, kwamba magari yamekwisha. Nikampeleka kwenye teksi ya rafiki yangu, shilingi 25,000. Alifungua mfuko mdogo uliokuwa umefungwa kiunoni, akahesabu fedha, akazihesabu tena, akatoa. Cha juu changu kilikuwa 8,000, nikanunua viatu. Hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyasahau. Nisichokisahau, na ambacho kilinirudia pale ngazini, ni kwamba kabla ya kuingia garini alinipa mkono akanishukuru.

Siku zilizofuata niliishi kwa ringiti 110 badala ya 160, na umaskini huo ulinifunza mji kuliko ambavyo fedha ingenifunza. Nilitembea. Nilijua kwamba jina Kuala Lumpur maana yake ni makutano ya matope, mahali mto Gombak unapoingia katika mto Klang; basi na huo nao ni mji wa njia panda kama kwetu, ila wenzetu wamejenga. Hapo penye makutano upo msikiti wa Jamek, uliofunguliwa mwaka 1909, uliochorwa na Mwingereza aitwaye Hubback, wenye kuba na matofali mekundu na meupe katikati ya minazi. Mchana, mvua ya radi ya huko ilipoanza, na hainyeshi bali humwagwa, nilijikinga humo, nikapunguza swala zangu kama wapunguzavyo wasafiri, nikapumzisha miguu bila kuulizwa senti.

Lugha nayo ilinichekesha. Wao husema khabar, sisi habari, wao waktu, sisi wakati, sabun, sabuni, kerusi, kiti, ambacho babu zetu waliita kursi, rezeki, riziki. Na mtu aliye njiani wao pia humwita musafir. Mtu asiyejua neno lao hata moja anaweza kusikia nusu ya mazungumzo na kudhani ameota.

Chakula nacho ni cha nyumbani kilichopotea njia. Asubuhi nilikula nasi lemak: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango, kipande cha yai na pilipili kali, vyote vimefungwa katika jani la mgomba, kwa ringiti moja na nusu. Usiku nilikwenda kwenye maduka ya Waislamu wenye asili ya India, yanayokesha mpaka asubuhi, nikala chapati yao iitwayo roti canai kwa mchuzi wa dengu, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu.

Usiku wa kwanza katika duka lile niliketi na wasiwasi. Niliagiza chai tupu, kwa kuwa nilijua wakiniona mgeni watanipiga bei. Kisha nikaona ukutani ubao umeandikwa bei zote. Nikamtazama mzee wa Kimalai aliyekaa mbele yangu akilipa. Nikaagiza alichokula, nikatozwa alicholipa. Ni hayo tu. Hakuna aliyenikirimu, wala hakuna aliyenionea. Nikakaribia kulia, mtu mzima, kwa sababu ya chapati ya ringiti moja na senti ishirini iliyouzwa kwangu kwa ringiti moja na senti ishirini. Wallahi mtu anaweza kukaa njiani bila zawadi, lakini hawezi kukaa bila bei ya kweli.

Siku ya nne nilitaka kuyaona yale majumba pacha marefu ya mita 452. Mvua ilikuwa ikinyesha, nami nimesimama chini ya kibanda karibu na soko la Pasar Seni. Pembeni yangu alisimama dereva wa teksi, gari lake liko pale pale, halina mteja. Nikamuuliza kwa tahadhari nauli ni kiasi gani. Akanitazama viatu, akalitazama shanta. Akasema, “Abang,” yaani kaka, “usipande langu. Ngoja hapa. Litakuja basi la bure la serikali, laini ya zambarau. Shuka Bukit Bintang, kisha shika laini ya kijani.” Mabasi hayo yalianzishwa mwaka 2012, na wakati ule hata mgeni hakulipa kitu. Akanichorea njia hizo mbili nyuma ya risiti. Basi likaja, nikapanda. Yeye akabaki kibandani anangoja mteja, na mvua ile ile ikinyesha.

Karatasi ile ninayo hata leo.

Majumba niliyaona. Ni marefu. Ndugu yangu akamaliza mitihani, tukakaa pamoja zile siku mbili, nikarudi.

Nilipofika Korogwe, ambako ndiko ninakoishi, nilikwenda kwa shekhe wetu nikamweleza habari ya msichana wa Mombo. Tangu madrasa nilikuwa nikihesabu kwa vidole wale watu wanane wanaostahili zaka waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na cha nane ni msafiri. Sikuwahi hata mara moja kulitazama kile kidole na kumkumbuka mtu. Shekhe akasema haki ya mtu hurudishwa kwa mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe simjui jina wala nchi. Akasema basi itolewe sadaka kwa niaba yake, na akipatikana apewe haki yake. Nikasema, nitatoa zile 8,000. Akaniuliza, “Na zile nyingine?” Nikamwambia zile alichukua mwenye teksi. Akanyamaza, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kwa kweli aliyesema magari yamekwisha si mwenye teksi. Nikatoa 23,000, kisha nikaongeza, kwa kuwa shilingi ya 2001 si shilingi ya 2014, na jambo hilo halihitaji shekhe, muulize muuza unga yeyote. Lakini mkono ule alionipa sikujua nitautoleaje sadaka.

Juma lililofuata nikaenda kumwona mama, ambaye siku hizo alikwisha hamia Soni kwa dada yangu. Zawadi zake nilizitia katika lile lile shanta. Basi likaniteremsha Mombo jioni, giza linaingia, ukungu umeshuka nusu ya mlima. Kabla sijalivaa shanta vizuri akanijia kijana mmoja, umri wangu wa mwaka ule, msafi, mwenye adabu.

“Shikamoo kaka. Unakwenda Lushoto? Magari yamekwisha. Lakini teksi ipo.”

Nikamjibu kwa Kisambaa kwamba mimi ni mtoto wa hapa hapa, na nyumba aliyozaliwa mama yangu anaweza kuiona kutoka pale aliposimama. Akashtuka, akacheka kwa haya, akalipokea shanta langu kwa mikono miwili, akaniongoza nyuma ya maduka hadi kwenye basi dogo lililokuwa linajaza abiria.

“Samahani sana kaka,” akasema. “Nilidhani wewe ni mgeni.”