Vidole Kumi Kwenye Matope

Wasomaji wangu, wiki hii hakuna habari za hifadhidata wala za seva. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyoshinda Jumapili nzima nikiwa nimefunikwa na tope kuanzia soksi hadi ndani ya masikio, tena kwa hiari yangu, tena baada ya kulipa kiingilio.

Yalikuwa mashindano ya pikipiki nje ya barabara. Ni ya watu wa kawaida: hakuna mfadhili, hakuna runinga, zawadi ya mshindi ni tairi mbili. Yalifanyika kwenye shamba la mtu upande wa Limuru, mpakani na mashamba ya chai. Mzunguko mmoja ni kilomita 7 hivi, muda ni saa mbili, na anayefunga mizunguko mingi zaidi ndiye bingwa. Tulikuwa 37. Kulikuwa na mafundi wa magari, wakulima, wakili mmoja, daktari wa meno, na vijana watano wa bodaboda katika daraja la pikipiki ndogo.

Yule daktari wa meno nilimtazama sana. Yeye kama mimi anakula kwa vidole vyake.

Hili ndilo jambo ambalo mama watoto alinikumbusha Ijumaa usiku, akiwa anakunja nguo, bila hata kuniangalia. "Baba watoto, hiyo mikono ndiyo shamba letu. Ukilivunja shamba, tutalima nini?" Sikuwa na jibu. Kampuni yetu ni watu wawili tu, mimi na mwenzangu, na Jumatatu asubuhi tulikuwa na miadi na chama cha ushirika cha wafugaji kuwaonyesha mfumo wa kupima na kurekodi maziwa kwa simu. Malipo yote ya kazi ya miezi mitano yalingoja siku hiyo. Mwenzangu anajua upande wa fedha. Msimbo ni wangu. Kukitokea hitilafu mbele ya wateja, wa kuketi kwenye tarakilishi na kurekebisha ni mimi.

Na mfano nilikuwa nao. Mwaka 2019 rafiki yangu alianguka kwenye mbio kama hizi, akatanguliza kiganja, akavunja kile kifupa kidogo kilicho chini ya dole gumba. Kifupa hicho damu hukifikia kwa shida, kwa hiyo hukawia kupona. Alipiga chapa kwa mkono mmoja miezi minne. Yeye pia ni mtu wa programu.

Basi mbona uliendea nini, mtaniuliza. Nimejaribu kulijibu swali hilo tangu Jumapili na jibu la heshima sina. Ninaketi saa kumi kwa siku nikisogeza vidole na macho peke yake. Ukikosea msimbo unafuta, unaandika tena, dunia haina habari. Kule kwenye tope kila unachofanya kinakujibu papo hapo, na kwa mwili mzima. Mtu akishaonja hilo, kuacha ni vigumu. Isitoshe, nimekulia karibu na njia ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na baadaye yalipangwa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, mvua zikianza, na sisi watoto tulingoja ule mtaro ambapo kila gari lingezama ili tusukume na kurushiwa tope usoni. (Mwaka 2024 yalirudishwa Pasaka. Nilifurahi kama mtoto.)

Tuje kwenye mashine. Pikipiki yangu ni Honda XR250 ya mwaka 1996. Inapozwa kwa hewa, na haina stata ya umeme. Ni kupiga teke tu. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo injini ya kabureta hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Tena mafuta huzidi hewa, plagi inalowa, inakuwa nyeusi. Fundi wangu aliweka jeti ndogo. Presha ya tairi tulishusha hadi 12 ili meno ya tairi yapate kutanuka na kushika. Halafu akapaka mafuta ya kupikia chini ya madigadi zote mbili, tope lisipate pa kung'ang'ania. Mama watoto bado anatafuta ile chupa.

Mvua ilinyesha Jumamosi usiku kucha.

Mtu wa mjini husema "matope" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye mzunguko ule yalikuwa mawili, na tabia zake ni mbali kama paka na mbwa. Juu, kando ya chai, udongo ni mwekundu. Ukilowa unakuwa sabuni: tairi halizami, linateleza tu, na pikipiki inakwenda upande inaoutaka. Chini bondeni, penye majimaji na matete, udongo ni mweusi, ndugu yake ule wa Athi na Kitengela. Huo hautelezi sana. Unanata. Unajaza meno ya tairi, unajaza nafasi kati ya gurudumu na madigadi, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kila ukipita bondeni unatoka na kilo nyingine za shamba la mwenyewe.

Kijana mmoja wa bodaboda namfahamu, maana hufanya kazi stendi iliyo karibu na kwetu. Alikuja na Boxer yake ile ile ya kubebea abiria. Alikuwa ameng'oa madigadi ya mbele kabisa, kwa sababu kwenye Boxer hukaa chini, karibu na tairi, na udongo mweusi huigeuza kuwa breki. Nyuma alikuwa amefunga tairi la meno. Basi, hayo tu. Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai alinitazama nikipasha injini moto nikiwa nimeketi, akacheka.

"Mkubwa, hiyo hendo umeikamata kama mwizi wa kuku."

"Sasa niikamate vipi?"

"Iachie. Bana tanki kwa magoti, simamia miguu. Tope si la kushindana nalo. Ukikaza mikono, litakuangusha mpaka uchoke."

Nilicheka naye, lakini nililiweka neno lake.

Tulianza injini zikiwa zimezimwa, kama ilivyo desturi: bendera ikishuka unapiga teke, unaondoka. Honda iliwaka kwa teke la pili. Mzunguko wa kwanza haukuwa mbaya, maana njia ilikuwa bado haijachimbwa. Nilianguka mara moja kwenye udongo mwekundu, taratibu, kama mtu anayelala. Mzunguko wa pili mvua ikarudi na ukungu ukashuka, na pikipiki 37 zikawa zimekwisha kuchonga mitaro iliyofika kwenye vikanyagio. Nilipofika mlimani, kwenye ule mwinuko unaotoka bondeni kwenda kwenye chai, mikono yangu ilikuwa imekufa. Kwa waliowahi kuendesha, mnaijua hali hiyo: misuli kati ya kiwiko na kiganja inavimba na kuwa migumu kama mpini wa jembe, vidole havikunjiki, klachi unaivuta kwa bega. Nilisimama pembeni nikavua glavu. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha na vinatetemeka. Nikaifikiria Jumatatu.

Hapo ndipo Boxer ilipopita. Sikuisikia, ina sauti ndogo. Kijana alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, viwiko nje, na hendo ilikuwa inacheza mikononi mwake kulia, kushoto, kulia, kama kitu ambacho hakimhusu. Macho yake yalikuwa juu mlimani, si kwenye tairi. Hakuongeza mafuta, hakupunguza. Gia ya pili, mwendo wa ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Akapanda mlima wote bila kugusa chini, akiwaacha nyuma wawili wenye KTM za bei ya gari dogo, waliokuwa wakizungusha tairi na kurusha udongo hadi kwenye miti.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kinafanyaje kazi, kwa hiyo nilisimama pale kwenye mvua nikawaza. Gurudumu la mbele limewekwa kwa pembe ambayo, mradi lile la nyuma linasukuma, hujinyoosha lenyewe. Ni hesabu ya vigurudumu vya toroli ya supamaketi, ambavyo hugeuka vyenyewe kufuata unakosukuma. Kwenye mtaro, gurudumu linagonga ukuta huu, linarudi, linagonga ule, linarudi. Ukilegeza mikono, linamaliza ugomvi huo peke yake. Ukikaza, kila mtikiso unapita mikononi, unafika mabegani, mwili unayumba, na mwili ukiyumba unaigeuza hendo. Yaani wewe mwenyewe ndiwe unayeirudishia pikipiki ule mtikiso uliokutisha. Na mimi, niliyekuja nimeahidi nyumbani kuilinda mikono, nilikuwa na kila sababu ya kukaza.

Nikavaa glavu. Dole moja kwenye klachi, moja kwenye breki, vingine vimekaa tu juu ya raba. Magoti yakabana tanki. Nikaangalia mti mmoja mkavu juu ya mlima nikauendea.

Nitawaambia ukweli, inatisha. Hendo ikianza kutikisika, kila kitu mwilini kinakuambia shika! Robo ya mlima nilikuwa natamani kufumba macho. Nusu ya mlima nikasikia tairi la nyuma limepata pa kuuma. Nikapita mti mkavu nikiwa bado nimesimama, nikapiga kelele ndani ya kofia peke yangu.

Mizunguko miwili iliyofuata niliifurahia kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka huu. Mikono ilirudi uhai. Miguu ndiyo iliyoungua sasa, lakini miguu siihitaji Jumatatu.

Zikiwa zimebaki dakika kama kumi na mbili, bondeni, pikipiki iliyokuwa mbele yangu ilizama na kusimama ghafla. Nilikwepa kulia, tairi la mbele likaingia kwenye shimo la maji lililofichwa na matete, na Honda ikalala juu yangu. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya hendo, umedidimizwa kwenye tope jeusi hadi kwenye kiwiko. Maumivu sikuyasikia. Kilichonitia hofu ni kwamba sikusikia chochote.

Nililala hivyo na uso kwenye matete. Halafu, ndani ya glavu, chini ya tope, nikaanza kukunja kidole kimoja kimoja. Kidogo. Kinachofuata. Cha kati. Cha shahada. Dole gumba lilikuwa la mwisho na lilichukua muda kuitika, nami katika muda huo niliwaona watu wengi sana: mama watoto na nguo zake, mwenzangu wa kazi, wazee wa ushirika wameketi kwenye viti vya plastiki. Likakunjika. Likauma vizuri sana. Sijawahi kushukuru maumivu kama siku hiyo.

Uzito uliokuwa juu yangu ukapungua. Ni yule kijana wa Boxer, amesimama kwenye maji hadi magotini, ameshika gurudumu la nyuma. Alikuwa na nafasi yake ya kupigania, lakini hapo alikuwa hana haraka hata kidogo.

"Mkubwa, uko sawa?"

"Niko."

"Basi twende, saa inaisha."

Honda ilikataa. Injini ikiwa imelalia ubavu, petroli hujaa ndani. Unafungua mafuta yote ili hewa ipite, unapiga teke polepole mara kadhaa kuitapisha, ndipo unaanza upya. Nilihesabu mateke hadi 20 nikaacha kuhesabu. Ilipowaka ilitoa moshi kama jiko la kuni bichi. Nikapanda mlima kwa klachi iliyokuwa inanuka, mikono imelegea, moja kwa sababu nimejifunza na mwingine kwa sababu ulikuwa hauna nguvu.

Waliofika kwenye bendera walikuwa 21. Mimi nilikuwa wa 16. Daktari wa meno alikuwa wa 11, vidole vyote salama, nilimwuliza. Kijana wa bodaboda alishika nafasi ya pili katika daraja lake, na walioona wanasema zile dakika alizopoteza bondeni ndizo zilizompokonya ya kwanza. Nilipoenda kumwambia jambo kuhusu hilo, alikuwa anabandua namba ya mashindano kwenye taa, simu iko sikioni. Mteja alikuwa Tigoni anataka kufikishwa barabarani kabla ya giza. Tairi mbili alizishinda bingwa. Mimi nimemnunulia moja, la meno.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa ushirika. Dole gumba la kushoto lilikuwa jeusi na limevimba, kitufe cha nafasi nikakibonyeza kwa lile la kulia. Mfumo uliomba nywila mara mbili pasipostahili, nikaingia kwenye msimbo mbele ya wazee, nikarekebisha mstari mmoja, ukatulia. Debe la kwanza likasomwa, ujumbe ukaingia kwenye simu ya mfugaji. Mzee mmoja hakuwa akiangalia kiwambo kabisa. Alikuwa anaangalia kucha zangu, ambazo nilizisugua Jumapili yote usiku bila mafanikio.

"Kijana," akasema, "hii mashine yenu mnaichimbua kama viazi?"

Cheki wameahidi kuitoa mwisho wa mwezi. Sahani mpya za klachi nimekwisha kuagiza. Bei sitaitaja hapa, maana mama watoto naye husoma.