Filta Nusu Tupu: Nilikosea, na Ninalipa

Leo sina utani mwingi. Mnaikumbuka ile vidio ya Februari, nimefungua boneti ya Peugeot 504 ya mjomba hapa Kikoneni, nikaonyesha filta ya mafuta, ile ya plastiki ya kuona ndani? Nikasema kwa madaha, "Mkiona iko nusu tupu namna hii, pampu imekwisha, badilisha." Ndiyo vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote. Na nilichosema si kweli.

Nimejuaje? Mzee mmoja wa upande wa Ramisi, mwenye Datsun pikapu ya zamani, alinipigia simu. Gari yake ilikuwa inakwenda kilomita chache, inakohoa, inazima. Alitazama vidio yangu, akafungua boneti, akaona filta karibu kavu. Akanunua pampu, akamlipa fundi. Gari ikaendelea kuzima vilevile. "Mwanangu," akaniambia, "zile pesa zilikuwa za karo ya mtoto." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea.

Wanaonijua wanajua neno karo linanigusa wapi. Mimi chuo niliacha mwaka wa 2 kwa sababu hiyohiyo. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikamwendea mjomba. Hiyo 504 yake ameitunza tangu mimi sijazaliwa, inabeba nazi na machungwa hadi Ukunda. Wadogo zangu mnaoicheka, 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, si gari ya kuchekwa. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kabla ya kurekodi, uliniuliza?" Sikuwa na jibu.

Akafungua boneti. Kwenye filta kuna mstari wa kalamu ya wino, umefifia. Niliurekodi bila kuuona! Mstari ule ni mahali mafuta yanapofika gari ikiwa nzima. Na mstari uko chini ya nusu. Yaani kile nilichowaambia ni ugonjwa, ndiyo afya yake ya siku zote.

Sasa nieleze kama nilivyoelezwa. Ndani ya filta kuna karatasi iliyokunjwakunjwa. Mafuta huingia upande wa nje wa karatasi, hupenya, hutokea katikati kwenda mbele. Karatasi ikiwa safi, mafuta yakifika yanapita tu, hayana haja ya kujikusanya. Juu hubaki hewa, na kama filta imelazwa, hewa hiyo haina pa kutokea. Inakaa, na haidhuru kitu. Kabureta nayo ina boya na sindano: ikishiba hufunga mlango, ikipungukiwa hufungua. Injini hunywa kidogokidogo, haihitaji filta iliyofurika.

Halafu kuna joto letu hili. Ukiegesha saa saba mchana Ukunda, joto la injini hugeuza petroli iliyo ndani ya filta kuwa mvuke. Unarudi unakuta kavu, unaanza kulia. Washa gari, yatapanda hadi kiwango chake. Ila hakikisha filta na mpira wake haviko karibu na bomba la ekzosi, manake hapo mvuke utakusumbua kweli.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki: karatasi ikianza kuziba, mafuta hushindwa kupenya, basi yanajaa upande wa nje. Filta iliyokuwa nusu miaka yote, ghafla imejaa na gari haina nguvu mlimani? Hiyo ndiyo ya kubadilisha. Na ile ambayo zamani ilikuwa nusu, sasa inashuka mpaka inakauka ukiwa unaendesha, basi tatizo liko nyuma yake, upande wa tangi. Kwa hivyo nusu tupu peke yake haisemi kitu. Dalili ni mabadiliko, na mabadiliko huyajui kama hukujua mwanzo wake ulikuwaje.

Tukaenda Ramisi, mimi na mjomba. Tukaendesha ile Datsun mpaka ikazima. Mjomba hakugusa boneti. Alikwenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi: fyuuu! Hewa ikavutwa ndani. Akawasha, gari ikawaka. Kumbe kile kifuniko cha asili kilipotea, mzee akanunua kingine kisicho na tundu la hewa. Mafuta yakitoka na hewa isiingie, tangi linavuta kinyume, pampu inashindwa. Ile mpya na ile ya zamani, zote mbili zilikuwa nzima. Dawa ilikuwa kifuniko.

Kwa hivyo kabla hujanunua pampu: kwanza, gari ikizima, fungua kifuniko usikilize. Pili, tazama rangi ya uchafu kwenye filta. Ukiona wekundu wa kutu, tangi linaoza ndani, na filta mpya itaziba tena. Tatu, injini ikiwa baridi, chomoa waya wa koili ili isiwake, toa mpira unaoingia kabureta, uelekeze ndani ya chupa, mtu apige stata. Yakiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Na sigara iwe mbali, tafadhali.

Ile vidio sijaifuta. Nimeweka maelezo haya juu yake, manake nikiifuta, waliokwisha kuitazama watabaki na uongo wangu. Mzee nimemlipa nusu ya bei ya pampu, nusu nyingine mwisho wa mwezi inshallah. Alikataa, mjomba akamwambia, "Mwache alipe."

Wenzangu tunaorekodi, kusema "hili sijui, ngoja niulize" hakupunguzi watazamaji. Na hata kukipunguza, kuna mtoto Ramisi ambaye karo yake ilipitia kwenye simu yangu. Nami nimechukua kalamu, nimeukoleza ule mstari wa mjomba.