Mwami Akifa, Nani Anafuata?

Katika mtaa wetu wa Cimpunda hatuna mwami. Tuna shefu wa mtaa, na juu yake mkuu wa komini ya Kadutu, wote watu wa kuwekwa kwa karatasi. Lakini muulize mtu yeyote anayepanda mlima wetu na bidoni ya maji mgongoni: "Wewe ni wa wapi?" Hatasema Cimpunda. Atasema wa Ngweshe, wa Kabare, wa Kaziba, wa Nindja. Na Ngweshe au Kabare si jina la nchi tu, ni jina la mwenye kiti pia. Basi atakutajia mwami wake, hata kama hajamwona kwa macho.

Ndiyo sababu vijana wetu hawaishi kubishana juu ya neno hili: wafalme hawa wa kuzaliwa, tuwashike au tuwaache? Mmoja asema: "Mtu hachagui tumbo la kumzaa, kwa nini tumbo lituchagulie mtawala?" Mwenzake ajibu: "Na hao waliopigiwa kura, wametutengenezea barabara gani?" Wote wawili wana akili, tena wote wawili wanapiga kelele.

Sisi tuliopita seminarini tungaliweza kuwapa jibu la Biblia, lakini Biblia haina haraka katika jambo hili. Nabii Samweli aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapenda fedha na kula rushwa. Watu wakachoka, wakaomba mfalme. Basi urithi uliharibika hata kabla ya mfalme wa kwanza! Tuwaache Waisraeli, tutazame kwetu Bushi.

Wazee wasema mwami huzaliwa na mbegu mkononi. Wenye kujua ni bajinji, walinzi wa mila, ambao humvika mrithi ishungwe, taji ya kifalme. Si lazima awe mtoto wa kwanza. Jina lake hufichwa, asije akauawa na ndugu zake wenye wivu. Kijana wa shule atacheka habari ya mbegu. Asicheke upesi. Maana ya hadithi ile ni kwamba ubishi umekwisha siku ya kuzaliwa. Hakuna tena wa kupiga kampeni, wala wa kununua pombe. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kazi kubwa ya ufalme wa kurithi: kujibu swali la nani anafuata bila kumwaga damu. Hekima haurithishi, tumeona mengi. Lakini ukiweza kujibu swali hilo moja, umewafaa watu sana. Usipoweza, sijui tunaulishia nini.

Na siku hizi hauwezi sana. Tuseme kwa nini.

Wabelgiji walipokuja walimkuta mwami, wakamfanya mtumishi wao. Dekreti ya 1933 ilipanga utawala wa machifu: kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi, kusikiliza amri. Asiyetii aliondolewa. Kabare Rugemaninzi aliondolewa katika miaka ya 1930, akapelekwa mbali na nchi yake, asirudi mpaka uhuru ulipokaribia. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba ya kifalme alijifunza somo lile: bajinji wanaweza kukuvika taji, lakini mwenye nguvu ni yule anayetia sahihi.

Somo hilo halijafutwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 207, inaitambua mamlaka ya mila. Sheria ya 25 Agosti 2015 inaeleza hali ya machifu wa mila. Mila humtoa mtu, kisha serikali humtambua kwa hati. Vizuri. Lakini ukoo ukigawanyika, upande mmoja hukimbilia kwa bajinji, upande wa pili hukimbilia ofisini, na wananchi hubaki katikati kama nyasi chini ya tembo.

Tena kiti hicho si taji tu. Kwa desturi ya kalinzi, mtu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa mtu wake, akapata shamba la kuwarithisha watoto. Sheria ya 1973 ikasema ardhi yote ni ya serikali. Matokeo? Mlima mmoja una wenyewe wawili, mwenye kalinzi na mwenye hati, na mara nyingi mwenye hati ni tajiri wa mjini. Huko Luhwindja kuna dhahabu ya Twangiza. Baada ya kufa kwa Mwami Philémon Naluhwindja mwaka 2000, ukoo ulivutana kati ya ndugu wa marehemu na mwamikazi aliyetetea kiti cha mtoto wake. Hatuwahukumu. Twasema tu kwamba pasipo dhahabu wangaliafikiana mapema zaidi.

Shuka sasa mpaka bonde la Ruzizi, kusini ya mji wetu. Hapo Warundi wa nyumba ya Kinyoni na Wafuliiru wanagombea utawala tangu zamani. Hawa wasema kiti ni chao kwa urithi, wale wasema ardhi ni yao na kiti ni kazi ya Wabelgiji. Tarehe 25 Aprili 2012 Mwami Floribert Ndabagoye Kinyoni aliuawa. Chuki ikazidi. Usiku wa 6 Juni 2014, huko Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, na watoto ndani yake.

"Basi tuwafute wote!" wasema vijana. Polepole. Rwanda iliufuta ufalme kwa kura ya Septemba 1961, Burundi kwa amri ya askari Novemba 1966. Je, damu ilikoma? Msomaji anajua. Na sisi wa Bukavu tumewaona wenye bunduki wakiingia mjini mwaka 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025. Hakuna aliyetuuliza kama twamtaka. Mwaka 1996 wakubwa walipokimbia, aliyebaki akiwatia watu moyo ni Askofu Mkuu Munzihirwa, mpaka alipouawa tarehe 29 Oktoba. Kiti chake hakukipata kwa baba yake. Wala hakukipata kwa bunduki.

Uganda iliwafuta wafalme mwaka 1967, ikawarudisha mwaka 1993. Katiba yao ya 1995 inawakataza wafalme siasa za vyama na kazi ya kutawala. Kabaka ana heshima, ngoma na koo zake. Ugomvi na serikali haujakosekana, lakini hodhi ya kodi haiko mikononi mwake. Sisi tungependa jambo kama hilo Bushi: mwami abaki mpatanishi na mlinzi wa mila, kodi na hati za mashamba ziende kwa baraza lenye kuulizwa hesabu.

Na jina la mrithi lijulikane mwami akiwa hai, liandikwe mbele ya mashahidi wa koo zote. Hapa wazee watatukasirikia. Watasema siri ndiyo mila. Kweli, zamani siri ilimlinda mtoto. Leo inamfaa yule anayefika Kinshasa kwanza.