Taa Imewaka Tena

Mara ya tatu taa kuwaka nilikuwa kwenye foleni ya Kongowea, abiria nyuma anagombana na mtu kwenye simu, na mimi nikahesabu: siku tisa. Mara ya kwanza ilikuwa siku 11, ya pili saba. Ni ile taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini. Kufikia hapo nilikuwa naifuatilia kuliko siku zangu za mwezi.

Gari ni Vitz ya 2012. Babangu aliinunua 2019 kwa kiinua mgongo chake cha bandarini, na alipenda kusema kuwa baada ya kutazama magari ya watu yakishushwa Kilindini miaka yote ile, mwishowe moja lilishuka kwa jina lake. Aliliendesha miaka mitatu, kisha sukari ikaenda machoni. Daktari alipomkataza kuendesha, alinipa ufunguo pale pale kwenye ngazi za hospitali, bila neno, akazunguka kwenda kukaa upande wa abiria. Tangu siku hiyo nabeba watu kwa app, na Vitz ndiyo inayotulisha sote pale Mlaleo.

Mwaka jana likaanza kuchoka. Nikipanda Daraja la Nyali nakanyaga mafuta, injini yalia tu, gari haliendi. Fundi mmoja wa kando ya barabara akaingia chini, akatoka na jibu: kataliti imeziba.

Kataliti ni ule mkebe ulio kwenye bomba la moshi. Ndani mna kauri ya vitundu vidogo vidogo, mfano wa sega la nyuki, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi na mafuta ambayo hayakuungua hugeuka kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Rodiamu nyingi ya dunia hutoka Afrika Kusini, na 2021 aunsi moja ilivuka dola 20,000, zaidi ya mara kumi ya bei ya dhahabu. Haya yote nilikuja kuyasoma baadaye. Siku ile fundi aliniambia, "Dada, hiki ni chuma chakavu tu. Niachie mimi, nikupunguzie elfu moja."

Nikashukuru. Nikashukuru kabisa! Madini yamechimbwa Afrika Kusini, yakazunguka mpaka Japani, yakarudi Kilindini ndani ya gari la babangu, nami nikayagawa kwa punguzo la elfu moja na soda baridi.

Mahali pake akachomelea kataliti mpya ya dukani, ile ya kuingia gari lolote, shilingi 12,000. Gari likapata nguvu kweli. Siku ya 11, taa.

Nikarudi. Akachomeka kimashine chini ya usukani, kikasoma P0420. Maana yake ni kwamba kataliti haifanyi kazi kwa kiwango ambacho kompyuta ya gari yatarajia. Kompyuta hujua kwa sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya kataliti na nyingine baada yake. Ile ya mbele vipimo vyake hupanda na kushuka bila kutulia. Kataliti nzima huweka akiba ya oksijeni na kuitumia, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma moja na ya mbele, kompyuta yaelewa kwamba pale katikati hapana kazi inayofanyika. Nazo kataliti za bei rahisi mara nyingi hupakwa yale madini kidogo sana, wakati kompyuta ilipangwa kwa kipimo cha ile ya kiwandani.

Yeye hakunieleza hata moja ya hayo. Alibonyeza, taa ikazimika, akataka mia tano. Mimi nikaona mambo yamekwisha. Kumbe ukifuta kosa, kompyuta husahau na kuanza majaribio yake upya: yataka injini iwashwe ikiwa baridi, yataka mwendo wa kutulia, safari kadhaa. Hizo siku zote za amani ni kwamba mtihani haujaisha kusahihishwa.

Baba sikumwambia. Haoni dashibodi, kwa nini nimsumbue? Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miezi minne.

Sasa nimweleze na yeye. Kliniki yake ya sukari ni mara moja kwa mwezi. Siku mbili kabla yake, nyumbani huwa kama Ramadhani bila futari: hataki mahamri, hataki chai ya sukari, ni mchicha na maji. Asubuhi ya kliniki adungwa kidole, nambari yatoka nzuri, muuguzi amsifu. Jioni ile ile utampata barazani, kahawa chungu mkono huu, kashata mkono huu. Mamangu alijua. Mimi nilijua. Hakuna aliyesema.

Mwezi wa Machi wakabadilisha. Daktari kijana akachukua damu ya mshipani, kipimo cha miezi mitatu. Sukari hung'ang'ania seli nyekundu za damu, na seli hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo siku mbili za mchicha haziwezi kuficha kitu. Majibu yalipotoka, Baba aliitwa ndani peke yake. Alitoka kimya, ameshika karatasi kama mtoto mwenye ripoti mbaya ya shule.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimepanga kupitia kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Mshomoroni, na sikuweza kumwacha Baba njiani. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Alishaniambia awali kwamba si lazima iwe kataliti: huenda ni sensa iliyochoka, au injini inayokula oili, au upenyo. Alipaka maji ya sabuni kwenye bomba, na pale palipochomelewa pakatoa povu. Akaziba. Ndizo zile siku tisa. Sasa akafuta mikono, akasema imebaki kataliti yenyewe, ya kiwandani, mtumba wa Japani, shilingi 45,000.

Nikanyamaza. Akaona uso wangu.

"Ama kuna kanjia. Naweka kipande cha chuma kama nati ndefu, sensa ya nyuma isogee nje kidogo, isipate moshi sawasawa. Elfu moja na mia tano. Kompyuta itaona shwari."

Nilikuwa nimeshafungua M-Pesa.

"Na moshi wenyewe?" Baba akauliza kutoka ndani ya gari.

"Moshi ni ule ule, mzee. Ila taa haitawaka."

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta. "Mwambie aache," akasema. "Mimi leo nishashikwa."

Tulirudi polepole. Karibu na Bombolulu akaniuliza taa ina muda gani. Nikasema ukweli.

"Nlijua," akasema. "Sauti ilibadilika, na harufu. Mie Peugeot 504 nilizijua kwa sikio. Nlidhani hutaki kunambia kwa sababu sioni."

Sikuwa na jibu. Nilitazama barabara.

"Na mimi kashata nimeziona, Baba."

"Najua umeziona."

Hizo 45,000 sijazifikisha. Nimefika 19,000, kwenye kikopo alichotoboa Baba mwenyewe. Taa yawaka, na kwa kuwa imetulia tu naendesha. Ingekuwa yamweka ningesimama hapo hapo, manake hapo injini haiungui sawasawa na yaweza kuichoma kataliti yote. Kila jioni nikiegesha, Baba huuliza kutoka barazani, "Yawaka?" Nami hujibu, kisha humuuliza amekula nini.

Jana alisema mchicha. Nikamtazama.

"Na kashata," akasema. "Moja."

Nikamtazama tena.

"Mbili."

Nikafunga gari, nikaketi naye.